Tisa ya Kumi na Mbili na Robo

Ijumaa, 30 Agosti

Tangazo limebandikwa leo kwenye mlango wa kibanda changu. Nimelisoma mara tatu. Kuanzia kesho kutwa njia zote za mabasi ziko wazi. Mwenye basi na leseni aende anakotaka, saa anayotaka. Shirika letu linafungwa, na kituo kinachukuliwa na umoja wa wenye mabasi.

Msimamizi anasema sisi wa kituoni tunabaki. Nikasema alhamdulillah, nikakaa chini.

Miaka ishirini na mbili naandika ubao huu. Kila Januari naupaka rangi nyeusi mwenyewe. Chaki, kipande cha blanketi cha kufutia, kengele. Saa ikifika nagonga kengele, basi linaondoka. Limejaa, halikujaa — linaondoka. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa hapa: basi tupu nalo lina safari yake, kwa sababu kuna mtu anangoja huko mbele.

Dereva wa njia ya Tisa, basi la kwenda hospitali, alisimama nyuma yangu akisoma. Tunamwita Kobe, maana hajapata kukimbiza gari hata siku mkewe alipokuwa na uchungu. Akasema, Mama Kengele, sasa hata ubao wako utajifunza kusema inshallah.

Ni utani wake wa siku zote. Husema dunia nzima watu husema inshallah, ubao wangu tu ndio hausemi. Kumi na mbili na robo ni kumi na mbili na robo. Huwa namwambia aombe msamaha kwa Mola wake. Leo niliendelea kulisoma tangazo.

Jumamosi, 31 Agosti

Safari ya mwisho ya Tisa kwa mkono wetu. Niligonga kengele kumi na mbili na robo kamili. Waliopanda hapa kituoni ni wawili, mfagizi wa hospitali na mzee mmoja mwenye bandeji. Wengine hupandia njiani.

Dada yangu hupandia chini ya kilima chetu, kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Figo zake zilisimama mwaka juzi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne nzima. Kiti chake kinaanza saa moja na nusu. Ukichelewa kiti kinapewa mwingine, maana wanaongoja ni wengi na mashine ni sita. Na hapo kilimani haliendi basi jingine lolote ila Tisa.

Ameingizwa kwenye kadi yangu ya matibabu. Mimi sina mume wala mtoto, yeye ndiye aliyenilea. Siku nilipojaza fomu ya kazi penye "mtegemezi" niliandika jina lake, karani akacheka, akasema huyu ni mkubwa kuliko wewe. Nikamwambia ndiyo, na mimi bado namtegemea.

Jioni Dada aliniambia Kobe alishuka leo akamfungulia mlango mwenyewe, akamwambia, Bibi Mkubwa, nisamehe mashimo yote niliyokurusha. Dada akamjibu hayo mashimo ndiyo yaliyomsaidia kukaa macho.

Jumatatu, 2 Septemba

Mabasi mapya. Yamepakwa rangi mpaka kwenye vioo, na muziki. Yote — yote! — yameelekea barabara kuu ya sokoni. Nimeyahesabu kumi na saba yamejipanga njia moja, na njia ya bonde, ya shule ya viziwi, na ya Tisa hazikuwa na hata gurudumu.

Basi haliondoki mpaka lijae. Abiria waliopanda saa moja wameketi na jua mpaka saa mbili na nusu. Likijaa la mbele, la nyuma linataka kulipita, yanagusana ubavu.

Saa ilipofika niligonga kengele kama kawaida. Mpiga debe mmoja, kijana mwenye sauti kama bati, alinigeukia akasema, Mama, kuna moto wapi? Wenzake wakacheka. Nikagonga ya pili. Akaja akaishika kengele kwa kiganja ili isilie, kwa adabu tu, hakunitukana. Akasema, shikamoo Mama, lakini unatuchanganyia abiria.

Wale wawili wa Tisa walikaa kwenye benchi mpaka saa mbili. Halafu hawakuwepo. Sikuwaona wakiondoka.

Jumanne, 3 Septemba

Tumepata msaada, Mungu ni mwema. Jirani yetu muuza maziwa ana gari dogo la mizigo. Anapita upande wa hospitali, ingawa si huko hasa. Amekubali kumbeba Dada kiti cha mbele asubuhi, siku zake tatu. Anachelewesha maziwa yake kwa ajili yetu. Alisema, mama zangu, maziwa yakichacha nitawauzia nyinyi mtindi.

Kurudi ndiko kugumu. Leo alirudi saa kumi, kwa kuungaunga. Alipofika alikaa kizingitini kwanza, hakuweza kuvuka.

Jioni nilimkanda miguu. Kwenye mkono wake wa kushoto kuna mshipa waliounganisha ili mashine ipate damu. Ukiweka sikio unavuma. Dada huniambia, sikiliza, Tisa inapasha moto. Nimeusikiliza leo muda mrefu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilitoka swala ya adhuhuri nikakuta kengele imefungwa na kamba, ulimi umezungushiwa gunia. Hakuna aliyesema ni nani. Imekaa pale kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nilimwuliza msimamizi: sasa mimi kazi yangu ni nini? Akanitazama kwa huruma, au nilidhani ni huruma. Akasema, kazi yako ni kukaa. Shika ubao wako na kitabu chako, kadi yako ya matibabu inaendelea, unataka nini tena?

Kweli. Nataka nini tena.

Kitabu ni kile cha safari. Kila basi linapotoka naandika njia, saa, sahihi yangu. Tangu tarehe mosi mistari ya Tisa nimeiacha wazi. Ukurasa una mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimeelewa kwa nini walinibakiza.

Watu wa bonde na wagonjwa wa hospitali wamepeleka malalamiko. Kumbe sheria mpya ina kipengele: kampuni inayopewa barabara kuu lazima ichukue na njia moja ya nyuma, isiyo na faida. Kampuni ya mabasi ya rangi imejiandikisha kuendesha Tisa! Kwenye karatasi Tisa inaenda kila siku. Mkaguzi anakuja kuhakikisha.

Msimamizi alinifungia mlango wa kibanda. Akasema, Mama Kengele, andika tu Tisa ubaoni, na saa yake ile ile. Nikasema, basi liko wapi? Akasema litakuja, wanatengeneza. Nikasema, likija nitaandika. Akakaa kwenye stuli yangu, akavua miwani, akaifuta na ncha ya shati. Akasema, dada yako hali gani? Kadi inamsaidia?

Kisha akavaa miwani, akafungua mlango. 

Niliandika saa tisa alasiri, kabla ya swala. 9 — HOSPITALI — 12:15. Mkono wangu umeandika maneno hayo mara elfu ngapi, na leo niliifuta ile tano nikaiandika upya. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa akituambia kwamba hata vidole vitaulizwa vilifanya nini. Wakati ule nilikuwa nadhani anazungumzia vidole vya wezi.

Jumanne, 10 Septemba

Mkaguzi hakuja. Dada ameenda na muuza maziwa, salama.

Kuanzia saa kumi na mbili kasorobo watu walikuja kusimama mbele ya ubao. Mfagizi wa hospitali aliusoma, akanigeukia na uso uliofunguka. Ilibidi nitoke nimnong'oneze: haiji, mama, usingoje. Akasema, lakini umeandika. Nikasema, najua. Aliniangalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba na mtu anayecheka.

Nimewanong'oneza saba asubuhi hii. Mpiga debe huku anawaambia inakuja, inakuja, subirini. Tunavutana hivyo, yeye kwa sauti, mimi kwa pumzi.

Sikuweza kuvumilia. Saa nne nilichukua chaki, nikaandika kwa herufi ndogo pembeni ya 12:15: inshallah. Nikajiona nimepumua. Sasa si uongo, nikajiambia, sasa ni dua. Mwenyezi Mungu akitaka basi litakuja, na asipotaka haliji, na mimi nimesema hivyo hivyo.

Kobe siku hizi anakaa benchi la nje, hana gari. Aliona. Safari hii hakutania. Akasema polepole, kwa neno hilo ulikuwa ukinigombeza.

Jumatano, 11 Septemba

Mkaguzi amefika saa nne. Mtu mpole, ana mafua, viatu vimechakaa kisigino. Alisimama mbele ya ubao na jalada lake. Akasoma mstari kwa mstari. Alipofika kwenye Tisa akatabasamu, akasema, inshallah, hata sisi ofisini tungeandika hivyo. Akaandika alama ya vema kwenye karatasi yake. Akauliza kitabu cha safari. Msimamizi akasema kiko kwa mhasibu. Mkaguzi akasema atakuja Jumamosi asubuhi alione basi lenyewe likitoka, na akione kitabu.

Alipoondoka tu msimamizi alifuta inshallah kwa mkono wa shati. Akabaki na vumbi jeupe kwenye kifungo. Akasema, usinifanyie hivi tena.

Jioni nimefika nyumbani nimechoka kama niliyebeba magunia. Dada alikuwa amekaa kitandani na kile kikombe chake kidogo cha kahawa, ndicho kipimo chake cha maji, vikombe vitatu kwa siku, akilamba kingo. Alinishika mkono, akaniombea dua ndefu. Mungu akuzidishie, mdogo wangu, Mungu akulipe ulichonifanyia. Nilidhani ni kwa ajili ya kumkanda miguu. Nikaitikia amin.

Alhamisi, 12 Septemba

Ee Mola wangu.

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nimeitwa kwa simu saa tano.

Jana asubuhi muuza maziwa alipita kituoni akausoma ubao. Akamwambia Dada: Bibi Mkubwa, Tisa imerudi, mdogo wako kaandika mwenyewe, kaweka na inshallah juu yake. Akafurahi kwa dhati, maskini. Kuna mwoka mikate alikuwa akimtaka ampelekee maziwa saa ile ile, naye alikuwa akimkatalia kwa sababu yetu. Jana hiyo hiyo amekubali.

Na Dada hakuniuliza. Alidhani mimi ndiye niliyeipigania Tisa mpaka ikarudi, na nanyamaza kwa kutotaka kujisifu. Ile dua ilikuwa ya hilo.

Leo nilitoka nyumbani saa kumi na moja kama kawaida, nimemwacha kwenye mswala. Akashuka kilima na fimbo yake. Akakaa kwenye jiwe la kituo kumi na mbili na dakika ishirini. Akakaa saa moja. Akakaa saa mbili. Mimi huku kituoni nanong'oneza watu wasingoje. Niliwanong'oneza watu tisa leo. Sikuwaza hata mara moja wale wanaongojea njiani, wasioniona mdomo. Mimi, niliyefundishwa kwamba basi tupu huondoka kwa ajili yao!

Saa tatu kijana wa pikipiki alimhurumia, akampakia, akamfunga kwa kanga kiunoni asianguke. Walifika saa nne kasorobo. Kiti kimeshapewa mwingine.

Muuguzi amesema hakuna nafasi leo wala kesho, mashine mbili zimeharibika. Aje Jumamosi saa yake. Asinywe maji. Akizidiwa pumzi tumlete mapokezi, lakini mapokezi hawana mashine.

Nilimwambia Dada ukweli wote hapa hapa kwenye benchi. Alisikiliza. Hakunigombeza. Alisema tu: uongo wa ubao ningeusamehe, mdogo wangu, watu wana njaa na kazi ni kazi. Lakini ulimweka Mungu pale. Ningekosaje kungoja?

Ijumaa, 13 Septemba

Nimeomba ruhusa, wamenikatalia. Nimeenda kazini.

Dada amelala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chini anazama. Ndivyo anavyosema, nazama. Miguu imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Jirani wa upande wa pili anakaa naye. Nimeweka sikio kwenye mkono wake asubuhi. Bado unavuma.

Muuza maziwa alikuja mlangoni alfajiri, hakutaka kuingia. Kofia mkononi. Amesema mwoka mikate amewaachisha wengine wote kwa ajili yake, na kesho ana harusi mbili za kupelekea, hawezi kumwacha saa ile, anaweza kuja saa tatu. Saa tatu kiti kitakuwa kimekwenda. Pikipiki Dada hawezi tena, hata kukaa tu anayumba. Teksi mbili nimezipigia, huku kwetu hawaji, barabara inawavunjia gari.

Saa nane msimamizi kaniita. Anatabasamu. Kesho Tisa inatoka kweli! Kampuni inaleta basi moja, limeoshwa, na Kobe ataliendesha kwa siku hiyo moja kwa sababu ndiye anayeijua njia. Mkaguzi atasimama pale pale aone. Nilishika meza. Nikasema, litapita chini ya kilima chetu? Akasema, litapita kila mahali, lina haki ya kupita.

Halafu akasema la pili. Kitabu. Mkaguzi lazima akute mistari ya Tisa imejazwa, tarehe mosi mpaka kesho, kila siku kumi na mbili na robo, na sahihi yangu. Sahihi ya mtu mwingine haifai, yangu wanaijua miaka ishirini na mbili. Ikijazwa, malalamiko yanafungwa.

Nikasema, na Jumanne? Akasema Jumanne ni nini? Nikasema Jumanne basi litatoka? Akaangalia dirishani. Mama Kengele, akasema, wewe huna shukrani. Unapewa la kesho unauliza la Jumanne.

Nimeswali isha nikarudia rakaa mara mbili, sikujua nimefika wapi.

Jumamosi, 14 Septemba

Kibandani. Kumi na mbili kasoro dakika tano. Naandika kwenye daftari hili ili mkono usiwe mtupu.

Tumemshusha Dada kilima mimi na jirani, kwenye kiti cha jikoni, tukipumzika kila hatua kumi. Ameketi kituoni, jirani amemshika bega. Midomo ina rangi ya kijivu. Nikamwambia, leo linakuja, Dada, leo nitaliona kwa macho yangu likiondoka. Akafungua macho akauliza, umeandika nini ubaoni? Nikasema saa tu. Akaitikia kwa kichwa, vizuri.

Nikakimbia mpaka barabara kuu nikapata basi la sokoni lililokuwa limebakiza nafasi moja.

Kumi na mbili na dakika nne. Basi lipo. Jeupe, linanukia sabuni. Namba 9 imeandikwa kwenye kadibodi, imewekwa kiooni. Kobe amevaa shati lake la Shirika, amelinyoosha. Abiria wamejaa, habari zimeenea, mfagizi wa hospitali yuko dirisha la kwanza ananipungia mkono. Mzee wa bandeji pia. Wote wanadhani imerudi.

Kumi na mbili na dakika nane. Mkaguzi na msimamizi wanakunywa chai nje. Mkaguzi bado ana mafua. Msimamizi ameifungua kengele mwenyewe, ametoa gunia. Nimeambiwa leo nigonge. Lakini si kabla ya kitabu. Ameninong'oneza mlangoni: basi haliondoki bila sahihi, Kobe hana ufunguo, ninao mimi. Akagonga mfuko wa suruali. Ukasikika.

Mistari kumi na nne. Nikiijaza, Dada anafika kwenye kiti chake, na hakuna atakayeruhusiwa kusema tena kwamba Tisa haiendi. Si mfagizi, si mzee, si mimi. Nisipoijaza, anakaa kwenye kile kiti cha jikoni barabarani, na Jumatatu kadi wanaichukua.

Nimemwomba Mungu anionyeshe mlango wa tatu. Nimeangalia. Kibanda hiki kina mlango mmoja.

Kumi na mbili na dakika kumi na mbili. Kobe ananitazama kwenye kioo cha pembeni. Hatikisi kichwa, haitikii. Ananitazama tu, kama alivyokuwa akiitazama saa.

Dakika ya kumi na tatu. Msimamizi ameingia na mkaguzi nyuma yake. Ameweka kitabu mezani juu ya daftari langu, nimelivuta chini yake. Amekifungua ukurasa wa tarehe mosi. Mkaguzi anapiga chafya, anaomba radhi. Msimamizi anauliza kama nina kalamu.

Ninayo. Ndiyo hii.